Kaseti Iliyolinda Wimbi

Naliaka mwanangu,

Salamu nitaziruka, maana tumekunywa chai pamoja asubuhi na sasa umekaa kwa Mama Ciku unasukwa, na mtindo ulioutaka unamaliza mchana mzima. Nimefunga duka nikakaa kwenye meza ya kaseti niandike. Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo, lakini mimi nikianza kuongea juu ya Simiyu huwa natabasamu ovyo, na wewe hunitazama kama mwalimu aliyemkuta mwanafunzi akila mandazi darasani. Kwenye karatasi nitatabasamu peke yangu.

Mambo ya kufunga kofuli, kula kwa wakati na kutolala na dirisha wazi unayajua kunishinda. Sitayagusa. Nataka kujibu swali uliloniuliza siku ya harusi yetu, ulipokuwa ukinifunga vifungo vya mgongoni: "Mama, lakini huyu ulimpendea nini?" Nilikujibu kwamba nimechelewa kanisani. Wiki tano zimepita na hujaliuliza tena. Unamsalimia Simiyu kwa heshima, unamwekea chai, kisha unatoka chumbani kabla hajapuliza moshi wa kikombe. Sitaki uende Bungoma bila jibu, kwa sababu kibanda utakachofungua kesho kilikuwa chake, na kazi utakayoifanya humo ndiyo iliyonikutanisha naye. Jibu lina kosa langu ndani yake, kosa ambalo sijawahi kukueleza.

Ulipoenda kuanza kidato cha nne, mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuhamisha kaseti za video kwenda kwenye CD. Watu wa mtaa wetu wa Tuwan walikuwa na kaseti za harusi, za ubatizo, za mazishi, na deki zao zilikuwa zinaharibika moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa na deki na kompyuta ya mtumba. Kilichokosekana ni kadi ya kuingizia picha kwenye kompyuta. Utaziona nyingi, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Lakini juu ya kila moja kuna chipu nyeusi, pana kama ukucha wa kidole gumba, na hiyo ndiyo inayopokea mawimbi ya kaseti na kuyageuza kuwa tarakimu. Ukichagua kadi, kwa kweli umechagua chipu.

Yangu nilienda kuichagua Eldoret. Nilibeba kaseti ya kujaribia, na hapo ndipo nilipokosea, kwa maana nilibeba ile mpya kabisa niliyorekodi kanisani Pasaka. Mwenye duka akaunganisha, picha ikatoka safi hata ungeweza kuhesabu vifungo vya kila mwanakwaya. Nikasema hii ndiyo. Nilirudi Kitale nimeipakata kama mtoto aliyetoka hospitali.

Kaseti mpya, ile kadi ilizihamisha vizuri. Za zamani, mara nyingi, kioo kilikuwa buluu. Buluu safi, tulivu, kama anga ya Januari. Nikaamua kwamba buluu maana yake kaseti ni tupu. Nani aliniambia? Hakuna. Nilijiambia mwenyewe kwa sababu niliipenda kadi yangu na sikutaka iwe na kosa. Basi nilikuwa namrudishia mtu kaseti yake na kumwambia, "Pole, hii imekufa. Haina kitu ndani." Nilisema kwa sauti ya daktari. Watu tisa niliwaambia hivyo, Naliaka. Wengine walitoka wamebeba kaseti zao kwa mikono miwili.

Simiyu aliletwa na deki iliyokuwa inatafuna kaseti. Aliingia na mfuko wake wa bisibisi, mikono ya shati imekunjwa sawasawa kana kwamba ameipima kwa rula, akasema, "Hamjambo hapa, mama," ingawa nilikuwa peke yangu. Sikumtazama sana. Nasema kweli, nilitazama mikono tu. Ilikuwa inafungua deki yangu kama mtu anayemvua mgonjwa koti.

Alipomaliza aliomba kaseti ya kujaribia, ambayo haitaliliwa ikikatika. Nikampa moja niliyoihukumu wiki ile, mwenyewe alikuwa hajaja kuichukua. "Tumia hii," nikamwambia. "Imekufa."

Hakuipitisha kwenye kompyuta. Aliunganisha deki moja kwa moja na ile televisheni yetu ya zamani, na watu wakatokea. Juu ya kioo picha ilikuwa imepinda na kupepea kama nguo kwenye kamba, chenga zilipita, lakini palikuwa na bibi harusi, na keki, na mzee mmoja akicheza kwa bega moja tu.

"Nani amesema hii imekufa?" akaniuliza.

"Kompyuta."

"Kompyuta ilisema?"

"Ilionyesha buluu."

Akacheka kidogo, bila dharau. "Mama, hiyo si kaseti. Ni chipu yako. Ikishindwa inapaka rangi ili usijue imeshindwa."

Akanieleza, na nakueleza wewe kama alivyonieleza. Picha ya video ni mistari mingi, na kila mstari huanza na alama, kama kengele ya darasa. Kaseti ikizeeka, kengele zinaanza kuchelewa, nyingine zinawahi. Televisheni ya zamani huvumilia ikasubiri. Kuna chipu ambazo hazisubiri. Kengele ikichelewa kidogo zinaamua leo hakuna shule, zinafunga lango.

Nikakaa chini. Nikamwambia, "Nimewaambia watu tisa."

Angeweza kusema pole, achukue mfuko wake aende. Hiyo haikuwa kazi aliyoitiwa. Lakini alivuta lile daftari langu la wateja, akasoma majina yote tisa kwa sauti, polepole, kama anayeita watu waliokaa nje, kisha akauliza, "Tuanze na nani?"

Alisema tuanze. Ukitaka kujua saa yenyewe, mwanangu, ni hiyo. Mimi niliyekuwa nimefuta machozi peke yangu miaka saba tangu tumzike baba yako, na kubeba magunia peke yangu, na kukosea peke yangu, nikasikia neno moja dogo lenye watu wawili ndani yake. Nilimpa chai na nikasahau kuweka majani. Alikunywa yale maziwa matupu yote, akashukuru.

Wanane tuliwapata upesi na kaseti zao bado walikuwa nazo, kwenye sanduku, juu ya kabati, moja Cheptais ilikuwa chini ya godoro. Mtu hatupi harusi yake hata ukimwambia ni tupu. Wa tisa alikuwa Kogo Chemutai wa Kapsokwony, na kogo kule mlimani ni nyanya.

Kogo ni mama yake Ndiema. Mtoto wake wa kiume alikuwa huyo mmoja. Alioa, na hata hakukaa sana na mkewe, akaugua akafa. Kaseti ya harusi yake ndiyo mahali pekee palipobaki ambapo Ndiema anatembea na kuongea. Kogo aliteremka nayo kutoka mlimani hadi Tuwan, ameifunga kwenye kitambaa kama mayai, na mimi nilimwambia haina kitu kabla hata soda niliyomfungulia haijaisha.

Simiyu aliazima pikipiki tukapanda. Barabara ile unaijua inavyosimama kama ngazi. Nilimshika kiunoni kwa sababu ya mwinuko. Palipokuwa na tambarare pia nilimshika, na sababu ya hapo sitaiandika.

Tulipofika, niliona kabla ya kuambiwa. Shambani wimbi la Kogo, ile nafaka ya uji, lilikuwa limeanza kushika punje, na kati ya vijiti, kutoka pembe moja ya shamba hadi nyingine, palikuwa pamevutwa utepe mweusi unaong'aa, unaovuma kwenye upepo. Ndege walikuwa wamekaa mbali kwenye ua, wanautazama.

"Kogo, tumekuja juu ya ile kaseti," nikasema.

"Si ndiyo hiyo iko kazini."

"Kogo..."

"Wewe si ndio uliniambia ati ni tupu? Mimi nikaona kitu tupu haiwezi kaa bure kwa nyumba yangu, nikapatia kazi. Na inafanya kazi mzuri kushinda wewe. Hata ndege wanaiheshimu."

Simiyu alitazama viatu vyake. Mimi nilijua kuna uongo mwingi mzuri ambao ningeweza kuutumia. Ningesema kuna dawa mpya imetoka. Ningesema mashine ilikuwa mgonjwa siku ile. Badala yake nikasema, "Haikuwa tupu. Ilikuwa na picha. Mashine yangu haikuona, na mimi nikakuambia hakuna."

Kogo alitazama shamba lake, akalitazama sana. Akauliza, "Sasa Ndiema yuko pale juu?"

Nikautazama ule utepe pamoja naye.

"Nimeweka mtoto wangu afukuze ndege?"

Mwanangu, nimezika mume, lakini sijawahi kutaka ardhi inimeze kama mchana ule. Simiyu ndiye aliyesogea. Alifungua kipande kimoja cha utepe kwenye kijiti, akakipitisha ndani ya leso yake nyeupe mara moja, akamwonyesha Kogo ile leso. Ilikuwa na vumbi la kahawia. Jua na mvua zilikuwa zimeilegeza ile rangi inayoshika picha, na sasa ilikuwa inabanduka.

"Hii imeenda, Kogo," akasema. "Sitakudanganya. Lakini niambie, ulivuta yote?"

"Nilikata ya kutosha shamba. Shamba yangu ni kidogo."

"Na ingine?"

Ilikuwa ghalani, ndani ya gamba lake, kwenye kikapu cha mbegu. Simiyu aliitoa nje, akaiinua kwenye mwanga, na nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Zaidi ya nusu ilikuwa imebaki. Akamweleza Kogo kwamba kaseti ikirudishwa mwanzo, sehemu ya nje ndiyo ya kwanza, na ya ndani ndiyo ya mwisho. Kanisa lote lilikuwa limeenda na ndege. Lakini karamu ilikuwa bado iko humo.

"Ndiema aliongea wakati gani?" nikamuuliza.

"Mwisho. Watu wakiwa wamekula."

Alitukabidhi ile kaseti, na akaweka sharti moja, ameninyooshea kidole mimi: "Safari hii usiniambie chochote. Nitakuja kuangalia mwenyewe."

Basi tukaanza kutafuta chipu. Simiyu aliazima kadi tatu kutoka kwa mafundi anaowajua, moja Eldoret, moja Kisumu, na moja ilikuwa pale pale Bungoma. Maboksi aliyaweka kando bila kuyasoma. Alichukua lenzi akasoma namba zilizoandikwa juu ya chipu zenyewe. Kaseti ya Kogo hakuiweka kwenye deki hata mara moja, kwa maana kila unapoicheza kaseti ya namna ile inabanduka zaidi. "Tafuta kaseti yako mbaya kuliko zote," akaniambia. Nikaleta ya kwaya, ile iliyowahi kumwagikiwa chai. Hiyo ndiyo iliyokuwa hakimu wetu.

Chipu ya kwanza ilikuwa ndugu ya ile yangu. Safi, kisha buluu. Ya pili haikuwa na buluu, na rangi zake, Naliaka, majoho ya kwaya yalikuwa mekundu kama nyanya. Lakini picha ilipoyumba iliruka vipande, na baada ya dakika chache midomo ilikuwa inafunguka sauti imeshapita. Ya tatu kwanza ilitoa picha nyeusi na nyeupe inayorukaruka, nikasema irudishwe ilikotoka. Kumbe sisi ndio tulioiacha kwenye mfumo wa picha wa Marekani badala ya huu wetu. Tulipobadilisha, ikatulia. Haikuvutia. Picha yake ilikuwa laini, kama unaangalia kupitia dirisha lenye mvuke, na majoho yalikuwa mekundu ya kufuliwa sana. Lakini haikuacha kitu. Kaseti ilipoyumba ilisubiri, na ilipolala chini ilisubiri, na sauti ilibaki mdomoni mwa mwenyewe mpaka mwisho.

Mimi nilitaka ya pili. Tuligombana, na ndio ugomvi wetu wa kwanza.

"Lakini tazama rangi, Simiyu. Watu wanapenda rangi."

"Sauti inakimbia."

"Kidogo tu. Nani ataona?"

"Rosa," akasema, na kabla ya siku hiyo alikuwa ananiita mama, kama anavyoita kila mteja, "Kogo anataka rangi ya tai ya bwana harusi, ama anataka mtoto?"

Nilifagia duka ambalo nilikuwa nimeshalifagia. Halafu nikarudi nikasema, "Weka ya tatu."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika. Weka ya tatu."

Alicheka mpaka bisibisi ikamwanguka. Nikagundua kwamba nilikuwa nimebishana na mwanamume, nimeshindwa, na bado nataka aendelee kukaa hapo. Hilo lilikuwa jambo geni kwangu.

Kogo alikuja siku ya soko, na koti lake la kanisani. Tulimwekea kiti, akakikataa, akavuta kigoda mpaka magoti yake yakagusa meza. Simiyu aliweka kaseti kwenye deki, akanitazama, nikabonyeza. Tulikuwa tumemwahidi mama kitu ambacho hata sisi hatukuwa tumekiona.

Watu walikula. Watu waliimba. Kisha kaseti ikaanza kuyumba kuliko popote pengine, picha ikapinda nusu, na nikajua kadi yangu ya kwanza ingefunga lango hapo hapo. Hii ilishikilia. Katikati ya chenga akasimama kijana mrefu ameshika kipaza sauti, akatafuta mtu kwa macho, akasema, "Mama yangu yuko wapi? Mama, simama watu wakuone."

Na pale dukani Kogo akasimama.

Kwenye kioo kulikuwa na kimya, watu wakigeuza shingo, na Ndiema akisema, "Anaona haya, mnisaidie," na watu wakicheka. Kogo alibaki amesimama, mgongo umenyooka, mikono kwenye koti. "Siku ile nilikataa," akatuambia bila kugeuka. "Nilikuwa na viatu mbaya. Nikakaa tu chini."

Tulimrudishia pale mara tatu, safari hii kutoka kwenye kompyuta. Kila mara alisimama.

Alipoondoka na CD zake mbili, alinivuta mkono mlangoni akanionyesha Simiyu kwa midomo. "Huyu ni wako?"

"Hapana, Kogo. Ni fundi."

"Basi mbona unamwangalia kama chakula?"

Simiyu alisikia. Ameniambia alisikia. Wiki iliyofuata alikuja kutengeneza deki ambayo haikuwa imeharibika, na wiki iliyofuata tena, mpaka akaishiwa na skurubu za kukaza, ikabidi aseme.

Hilo ndilo jibu. Nilimpendea kwamba alikaa wiki tatu akichagua chipu kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine. Baba yako nilimpenda, na sijarekodi kitu kingine juu yake. Yupo mahali pake moyoni, mzima, na Simiyu ndiye aliyeniomba nitundike tena picha yake ukutani. Sikuambii umpende Simiyu. Najua tu kwamba ulipokuja likizo ulikuta harusi imepangwa, na kwako ilionekana kama kioo kilichogeuka buluu ghafla. Nilipaswa kukueleza mapema. Niliogopa utaniuliza maswali, na mimi nilikuwa na furaha kama mjinga, na mtu mwenye furaha ya namna hiyo hapendi maswali.

Kesho utakaa nyuma ya meza Bungoma na watu watakuja na vitu vyao vimefungwa kwenye kitambaa. Watakuamini haraka, kwa sababu una cheti cha kompyuta na wao hawana. Mimi bado nasikia sauti yangu ile ya daktari, na bado inanichoma. Kuna kaseti zilizokufa kweli, utakutana nazo. Lakini siku hizi nikishindwa nasema, "Mimi sijaona kitu," kisha nawaomba waitunze kaseti. Ni vigumu kulisema neno hilo mbele ya mteja. Unajisikia umepungua. Sijui kama utalizoea. Mimi bado sijalizoea.

Jambo la mwisho. Kibanda kina deki mbili na kompyuta, lakini hakina kadi. Simiyu alikuwa ameshakutafutia, ile ile ya tatu, na ameifunga kwenye gazeti. Nimemkataza kukupa. Tulibishana tena, na safari hii nimeshinda mimi. Kadi ya Bungoma utaichagua mwenyewe, na huenda wakati huu kuna chipu bora kuliko yetu ambayo sisi hatuijui. Ukishaichagua, usinipigie simu kunitajia jina lake. Niambie kaseti uliyoijaribia ilikuwa ya nani.

Mama yako, ambaye jana aliandika jina lake jipya mara kumi na moja nyuma ya risiti,

Rosa